Damu ya Mkandaa

Mama yangu, ambaye toka nimjue hajakosa sala ya alfajiri, alinitaka nimtafutie filamu ya wauaji. Hakuzunguka. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya baba, wageni wameshaondoka, mimi naosha masufuria ya pilau uani kwetu Kibiti, akaja na kigoda chake akakaa karibu yangu.

"Ile filamu yetu," akasema. "Nitafutie, mwanangu. Nataka kumsikia baba yako akiniita."

Niliendelea kusugua sufuria. Nakala yake aliichoma mwenyewe, kwa mkono wake, nami nilikuwepo. Nyingine nilidhani zimekwisha duniani. Na filamu yenyewe, niseme ukweli, ilikuwa mbovu kupita zote nilizowahi kuona, na nimeona nyingi, kwa kuwa nafundisha sekondari na kila mwisho wa muhula wanafunzi huniweka kitako niangalie upuuzi wao. Lakini mama akitaka jambo halirudii. Hulisema mara moja, kisha hukaa kukungoja.

Nilikuwa kidato cha pili filamu ile ilipotengenezwa, likizo ya Juni. Wakati ule kanda za video zilikuwa zinaondoka na sidii zinaingia, na Dar es Salaam kila aliyepata kamera alijiita mtengeneza filamu. Wakaja kwetu watu saba na kamera moja. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kutisha juu ya ndugu wawili wauaji, mashuhuri nchi nzima, wanaohama kijiji hadi kijiji wakiua watu bila sababu. Nasema bila sababu kwa kuwa hata kwenye daftari la dairekta haikuwemo. Nililisoma alipoliacha juu ya tofali.

Walikwenda Utete kuchukua kibali, wakapiga picha kidogo Nyamwage pale barabarani, magari ya Lindi yakawapigia honi mpaka wakakoma. Ndipo wakaangukia Kibiti, kwenye gofu lililokuwa jirani na uwanja wetu, nyumba ambayo paa lake lilikuwa limebomoka na ndani umeota mpapai. Dairekta alilipenda gofu lile. Alilizunguka akilipapasa kuta, akasema hapa mtu akifa anakufa vizuri.

Jenereta lao lilikufa siku ya kwanza. Fundi akalifungua, akaangalia ndani, akalifunga, akaomba maji ya kunywa. Kwa hiyo taa hawakuwa nazo, na filamu yote ilikuwa iwe ya usiku. Dairekta hakukata tamaa. Alisema watu wataelewa tu. Basi wauaji wetu wakawa wanaua saa saba mchana, jua la utosi, mmoja ameshika panga la mbao lililopakwa rangi ya fedha na mwenzake ameshika tochi. Yule muuaji mkubwa, katika maisha yake ya kawaida, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole ambaye alimshonea jirani yetu blauzi bila kuombwa. Mdogo wake aliogopa kuku. Mara mbili walikata picha kwa sababu kuku wetu mwenye vifaranga alikuwa amemkabili na yeye amepanda ukutani.

Watu wa mtaa tulishinda pale uani kuangalia. Sijapata kufurahi namna ile, na siyasemi haya kwa kuwa nimezeeka na kila cha zamani nakiona kitamu. Nilikuwa najua hata wakati ule kwamba nafurahi. Asubuhi nilikuwa namaliza kazi zangu mbio mbio, nafagia kwa kupapasa tu, ili nikapate nafasi ya mbele.

Sasa, mama yangu ni msuka mikeka. Ukindu wa rangi nyingine huuchemshia rangi ya unga ya dukani, lakini nyekundu ya dukani haitaki hata kuiona. Anasema jua likiipiga mwezi mmoja inakuwa kama fizi za mgonjwa. Nyekundu yake huitoa kwenye magome ya mkandaa, mti mmojawapo wa mikoko, ambayo baba alikuwa akimletea kutoka shambani kwake Salale kila alipopanda kuja nyumbani. Magome huyapondaponda, huyaloweka, huyachemsha, kisha hutia kitu cha kuishikisha rangi. Kitu hicho nakijua lakini amenikataza kukisema, na kwa kuwa hunitaka nimsomee kila ninachoandika, sitakisema. Kwa kazi hiyo mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo, mwaka mzima, miaka yote. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wana mikono ya rangi hiyo.

Wale watu wa filamu damu yao ilikuwa nyanya ya kopo iliyochanganywa na soda. Ukimpaka mtu, hata hajajilaza vizuri, nzi wameshamjaa. Siku moja maiti aliinuka katikati ya picha akakimbia, nyuki wawili wamemwingia shingoni. Mama alikuwa amesimama kwenye ua wa makuti na ukindu wake kwapani. Wote wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa ameudhika kama mpishi aliyeonjeshwa mchuzi usio na chumvi.

"Damu gani hiyo?" akamwambia dairekta. "Hata kuku hachinjwi akatoka damu ya hivyo. Njooni kesho."

Kesho yake akawatolea sufuria zima. Rangi ilikuwa nyekundu nzito, yenye weusi kwa mbali. Ikimwagwa chini ilitambaa taratibu, ikaganda mchangani. Hata mimi niliyeiona kila siku nilishtuka kuiona iko kifuani mwa mtu. Dairekta akamwita mama "fundi", na toka siku ile asubuhi alikuwa anamwamkia yeye kwanza kabla ya wazee wanaume. Mama akajifanya hajali. Lakini nilimwona anavyofunga kilemba chake vizuri kabla ya kutoka, na jioni anavyoniuliza, kama mtu asiye na haja, eti ile ya leo ilionekana kweli?

Kosa lake lilianzia hapo. Aliwaahidi rangi nyepesi ya kufulika, na mimi nilimsikia akiahidi. Ila mkono haukukubali. Mtu aliyezoea miaka yote kutengeneza rangi ya kudumu na mkeka hawezi kuamka siku moja akatengeneza rangi ya kukimbia. Alitia kile kitu chake cha kushikisha rangi, sijui kwa kusahau, sijui kwa ufahari. Muuaji mkubwa alikaa na mikono myekundu mpaka mwisho. Sokoni wauza samaki walikuwa wanamtania ashike pesa kwa majani.

Kisha ikaja kanzu. Katika hadithi yao wauaji walikuwa wamuue mzee mmoja wa heshima, na wao katika mabegi yao yote walikuwa na fulana tu. Mama akaingia ndani, nikasikia kufuli la kasha. Akatoka na kanzu ya baba ya harusi, ile yenye darizi ya hariri shingoni, ambayo baba aliivaa Idi mbili tu kwa mwaka, akiivua anaikunja mwenyewe, hamwachii mtu.

"Mama! Kanzu ya baba?"

"Itafuliwa."

Alisema hivyo mtu aliyejua kuliko yeyote Rufiji nzima kwamba haitafulika. Mpaka leo nikimuuliza husema alikuwa amelewa sifa. Ndivyo anavyosema, amelewa, mama yangu ambaye hata togwa iliyolala hainywi.

Wakamuua mzee wa heshima vizuri sana. Jioni mama aliifua ile kanzu kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, kwa jivu, mara tatu. Doa lilibaki kifuani, pana kama sahani. Akaianika uani, akawa anapita mbele yake kila mara akiitazama kwa jicho la pembeni.

Baba wakati huo alikuwa Salale, kwenye mpunga. Sisi asili yetu ni vilimani, Umatumbini, lakini babu alishuka zamani kufuata ardhi ya mto, na baba alikuwa na shamba lake kule delta, katikati ya mikoko, mahali pa kufikwa kwa mtumbwi. Juni mpunga unajaza punje. Ndio wakati wa kuamia ndege: unakaa juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti, unapiga debe, unavuta kamba, unapiga kelele toka jua linachomoza mpaka linazama. Ukiliacha shamba siku mbili tu, ndege hawakuachii hata la kuonja, na nguruwe wanamalizia. Mkulima haondoki Juni. Hata msibani wengine walikuwa hawaji, na walisamehewa.

Alikuwa mtu mkimya, mrefu, mwenye kukohoa kabla ya kusema. Alipomwita mama alimwita kwa jina langu tu, mama wa fulani, kama desturi yetu, na alipokuwa na haraka alisema tu "wee mama". Sikuwahi kumsikia akilitaja jina lake. Nami vilevile. Jina la mama nimeliandika kwenye fomu za shule, za hospitali, za kitambulisho, lakini kulitamka kwa mdomo wangu, mtoto wa kumzaa, hiyo isingewezekana. Mwalimu aliponiuliza darasani nilimwandikia ubaoni.

Baba alikuwa na mtani wake, mchuuzi wa kamba wakavu, Mndengereko, ambaye kila juma alishuka delta na kupanda tena. Ukoo wake na wetu ni watani toka kwa mababu. Asiyejua utani wetu ajue hivi: mtani anaweza kukuambia lolote, akachukua kofia yako kichwani, akala chakula chako, akakutangazia kifo hali uko hai, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Sheria nyingine ni kwamba mtani haelezi utani wake. Akishasema, anakwenda zake.

Huyu mtani alipita kwetu na baiskeli, akaiona kanzu kwenye kamba. Alimjua mwenye kanzu, na habari za filamu alikuwa nazo, maana Kibiti yote ilikuwa nazo.  Siku ya pili alikuwa Salale, amesimama chini ya dungu la baba, uso umemkauka kama wa mleta tanzia.

"Mtani, pole sana," akamwambia. "Nimeiona kanzu yako Kibiti, imelowa damu. Mkeo anaifua, haitoki."

Baba akacheka, kama ilivyompasa. Mtani naye akapanda mtumbwi wake akaenda kununua kamba. Kule simu ilikuwa haishiki, wala baba hakuwa nayo. Akabaki juu ya dungu na debe lake. Haya nilikuja kuyasikia baadaye kwa mtani mwenyewe, ambaye kwa mara ya kwanza alikubali kueleza utani wake, na aliueleza akiwa ameinamisha kichwa. Alisema hakujua kwamba kanzu ile ilikuwa ikikaa ndani ya kasha lenye kufuli. Baba alijua. Alijua kwamba ufunguo uko kwa mama, na kwamba kanzu ikiwa nje basi kuna jambo nyumbani. Maji yalipojaa alishuka dungu, akaufungua mtumbwi, akauacha mpunga.

Mimi na mama hatukuwa na habari. Siku ya nne toka kanzu iingie doa, dairekta alitaka picha ya mwisho ya mzee wa heshima: maiti amelala uani kwetu, na mke wake amepiga magoti kando yake, kimya, mikono imelowa damu. Mke walimtaka mama. Alikataa mara mbili kama inavyotakiwa, ya tatu akakubali. Wakamlaza kijana aliyemwigiza mzee, amevaa kanzu ya baba, mama akachovya mikono kwenye sufuria mpaka viwiko, akapiga magoti. Wauaji walisimama ukutani na panga lao la mbao na tochi yao. Ilikuwa kama saa nane. Dairekta akasema twende, kamera ikaanza, tukanyamaza wote, mpaka kuku.

Baba akaingia kwenye mlango wa ua.

Tope la delta lilikuwa limemkaukia miguuni mpaka magotini. Panga la shamba mkononi. Akaona alichokiona: kanzu yake imelala chini na mtu ndani yake, mkewe kapiga magoti, damu. Akaliita jina la mama. Jina lake lenyewe, alilopewa na wazazi wake, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Akakimbia, panga likaanguka njiani, akampita yule maiti bila kumtazama hata kidogo, akaikamata mikono ya mama yote miwili akawa anaigeuza, huku na huku, anatafuta jeraha liko wapi. Mikono ile alikuwa ameiona myekundu kila siku ya ndoa yao. Siku ile hakukumbuka.

"Umekatwa wapi?" akawa anasema. "Umekatwa wapi, wee mama, umekatwa wapi?"

Maiti akainuka akakaa. "Shikamoo, mzee," akasema, kijana mwenye adabu zake.

Sitasahau uso wa baba. Kwanza haukuelewa, kisha ukaelewa, kisha akaliokota panga. Wauaji wawili mashuhuri nchi nzima waliruka ukuta wa gofu kwa mruko mmoja, yule mdogo akimkanyaga mkubwa, na kamera ikawafuata mpaka ilipowapoteza migombani. Dairekta alifurahi karibu ya kulia. Wauaji wenyewe hawakukubali kurudi tena uani kwetu, wakaondoka na gari la kwanza kurudi Dar es Salaam, na ndiyo maana filamu ile haina mwisho. Inaishia pale, mzee mwenye tope anawafukuza wauaji kwa panga la kweli, halafu majina.

Baba aliketi mkekani, akanywa maji kata nzima. Mama alikuwa amesimama, mikono ameificha nyuma kama mtoto.

"Mpunga je?" akamuuliza.

Baba akakohoa. "Nimeuacha," akasema.

Alfajiri alirudi Salale. Ndege walikuwa wamekwisha kula, na waliposaza ndege, nguruwe walikuwa wamelala hapo hapo. Mwaka ule tulikula mihogo mpaka tukaizoea. Watu walimcheka, mwanamume aliyeliacha shamba Juni kwa ajili ya rangi ya ukindu. Hakumlaumu mama hata siku moja, wala kisa kile hakukizungumza tena, wala jina la mama hakulitaja tena mpaka amekufa. Ile kanzu mama aliitumbukiza nzima kwenye sufuria, ikatoka rangi ya mkandaa juu mpaka chini. Baba aliivaa Idi zote zilizofuata. Wenzake wote weupe, yeye mwekundu katikati ya safu, na mtani nje ya msikiti anampa mkono wa pole.

Filamu ikatoka. Ilionyeshwa kwenye vibanda vya video vya Kibiti na Ikwiriri, na watu walicheka toka mwanzo mpaka mwisho, kila damu ikitoka wanasema huo mkeka wa nani; mimi niliichungulia mara moja, na kwa kelele zile sikusikia hata neno. Mwanamke wa heshima haingii kibanda cha video, hivyo mama hakuiona. Dairekta alimletea sidii yake kama alivyoahidi, lakini runinga hatukuwa nayo wakati ule. Mama akaifunga kwenye leso, akaiweka ndani ya kasha, mahali pa ile kanzu.

Baadaye sana ikaja ile miaka ambayo upande wetu mauaji yalikuwa ya kweli. Watu wa kwetu wanaijua, na siisemi hapa. Nasema tu kwamba filamu ya wauaji wa Kibiti haikuwa kichekesho tena. Aliyekuwa nayo aliitupa chooni, mwingine aliizika. Mama aliitoa yake kwenye leso, akaiweka motoni chini ya sufuria la rangi, tukakaa tukaiangalia ikijikunja na kutoa moshi mweusi. Hakujuta. Mwenye sauti alikuwa bado yuko, amekaa barazani, anakohoa.

Sasa amekwenda. Alikufa kifo cha kawaida, kitandani kwake, kifua, namshukuru Mungu kwa hilo. Siku ya mazishi yule mtani akaja, mzee sasa, na akafanya ya mtani. Alilala mbele ya jeneza akazuia lisipite mpaka apewe kofia ya marehemu. Kisha akafunga shuka magotini, akakimbia uwanja mzima kama baba alivyokimbia siku ile, mikono mbele, mdomo wazi, bila sauti. Watu walicheka wakalia. Mama alikuwa ndani na wanawake, akachungulia dirishani, naye akacheka huku machozi yanamtiririka. Nadhani hapo ndipo alipoipata ile haja yake.

Nilitafuta. Niliuliza Ikwiriri, niliuliza Utete, nilimpigia mtu mmoja Dar es Salaam akanicheka simuni. Kwenye mitandao nilikuta filamu za wauaji wa nchi zote isipokuwa wa kwetu. Mwezi wa pili wa kutafuta nikaona aibu, nikamtembelea mtani kwake, ambako ilinipasa kwenda siku ya kwanza. Pale msibani alikimbia kama baba hatua kwa hatua, na siku ile ya kweli hakuwepo. Alijifunza wapi?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hatoi kitu kwa ukoo wa wala mihogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na deki ya zamani imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na sidii ndani ya mfuko wa unga. Hakuitupa miaka ile. Alikuwa ameificha ndani ya godoro.

"Ile siku nilikosa," akaniambia. "Nilikuwa naiangalia kila mwaka, Juni. Basi. Twende kwa mama yako."

Tukaiwasha baada ya alasiri, sebuleni kwetu. Mama macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo alikaa kwenye mkeka karibu kabisa na spika, ameoga, amejifunga kanga mpya. Sidii ilikwama, ikaruka, ikakwama. Wauaji wakaua mchana kweupe na tochi. Mama akacheka aliposikia kuku wake. Nilikuwa namweleza kila kinachopita, na mtani aliongeza matusi yake.

Ikafika. Baba akaingia kwenye mlango wa ua, kijana kuliko nilivyomkumbuka, na tope miguuni. Akafungua mdomo. Na hapo hapo ukalipuka muziki, ngoma na kinanda, ule muziki wa kutisha wa bei rahisi, wameuweka juu ya sauti yake yote. Mdomo wake ulikuwa unaita na hakuna kilichosikika. Ndipo nilipoelewa kwa nini mtani alikimbia bila sauti pale msibani. Hakuwahi kuijua hiyo sauti. Katika watu waliobaki mjini humu, wa kuikumbuka sauti ile ni mimi na mama.

"Kashaniita?" mama akauliza.

Nilitaka kumdanganya. "Ndiyo, mama. Sasa hivi."

"Mbona sikusikia?"

"Wameweka ngoma juu yake."

 Mtani akairudisha nyuma, ikapita tena, ngoma ile ile. Akairudisha tena. Mara ya tatu akaizima, akakaa anatazama vidole vyake vya miguu. Mama alikuwa bado ameelekeza sikio kwenye spika. Mkono wake, uliokwisha kufifia wekundu toka alipoacha kuchemsha rangi, ulikuwa unapapasa ukingo wa mkeka.

Nilipiga magoti mbele yake. Kwa miaka arobaini na ushei sikuwa nimelitamka, nikatazama mlangoni kwanza kama mtu anayekwenda kuiba. Nikaliita jina la mama yangu. Niliita kama alivyoita baba, kwa ile lafudhi yake ya Kimatumbi, silabi ya katikati ameivuta, ya mwisho imemkatikia.

Mama akainua uso. Akajiweka kanga sawa kichwani.

"Abee," akaitika.